Mkanda wa jeshi uliofunga kibofu: tathmini ya kliniki iliyomhudumia baba yangu Mombasa

Kliniki ninayoiandikia tathmini hii ni ndogo, ya magonjwa ya mkojo, iliyoko kisiwani Mombasa upande wa kuelekea Makupa, na ilimhudumia baba yangu kwa majuma tisa katika msimu wa masika uliopita. Jina lake silitaji kwa sababu wahudumu wake hawakuomba kutangazwa, na ninachotaka msomaji akishike ni kile walichokifanya, ili akitafute popote atakapompeleka mgonjwa wake. Ugonjwa wenyewe ni mkanda wa jeshi, ambao wengi wetu tunaujua kwa malengelenge ya ubavuni, lakini ni wachache wanaojua kwamba ukishuka chini ya kiuno unaweza kumfunga mtu haja ndogo na kubwa kwa pamoja.

Baba ana miaka 71. Alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini Kilindini mpaka alipostaafu, anaishi Mji wa Kale, na ni mtu wa haya sana katika mambo ya mwili wake. Haya hiyo ilituchelewesha. Siku ya Alhamisi alianza kulalamika kwamba tako la kushoto linamuunguza kama lililomwagikiwa chai ya moto, nasi tukadhani ni kwa ajili ya kukaa muda mrefu kwenye baraza la simiti. Jumapili malengelenge yakatoka, akamwonyesha mama peke yake, mama akayapaka mafuta ya nazi na kunyamaza kwa kuwa alikatazwa kusema. Jumatano, baada ya swala ya alfajiri, alienda msalani mara nne bila kutoa hata tone, na kufikia adhuhuri tumbo lake la chini ya kitovu lilikuwa limevimba na kukaza kama dafu.

Hospitali tuliyoikimbilia mwanzo, ambayo nayo siitaji, ilimwondolea maumivu hayo haraka, na kwa hilo naishukuru. Muuguzi alimtia mpira wa kutolea mkojo, na mfuko ukapokea mililita 1,100, ilhali kibofu cha mtu mzima kwa kawaida hujaa kati ya mililita 400 na 600. Kosa lilikuja baadaye. Mzee wa umri huo asiyeweza kukojoa alionekana kuwa na jibu moja tu, yaani tezi dume, na hakuna aliyemwomba ageuke upande. Alipotaja maumivu ya tako aliandikiwa tramadoli, dawa kali ya maumivu. Mpira ulitolewa kesho yake, tukapewa vidonge vya tezi na karatasi ya kujiandaa kwa upasuaji, na usiku uleule mkojo ukafunga tena.

Jirani yetu, muuguzi mstaafu, ndiye aliyekuja akamkuta baba amejikunja kitandani, akamgeukia mama na kumuuliza, "Bi, ngozi yake iko salama?" Mama akalia, akasema yote. Ijumaa asubuhi tulikuwa kwenye ngazi za kliniki.

Daktari alimwamkia baba, akamuuliza kama angependa mimi nitoke nje, na baba aliposema nibaki, daktari akavuta pazia lililozunguka kitanda na kumwambia, "Mzee wangu, naomba ruhusa nitazame mpaka chini, mbele na nyuma, kwa sababu maumivu yako na mkojo wako huenda ni kitu kimoja." Baba alikubali kwa kichwa. Alilala ubavu wa kulia, kikoi kikashushwa, na hapo nikaona kwa mara ya kwanza kile alichokuwa akikificha: shada za malengelenge juu ya ngozi nyekundu, zilizoanzia katikati ya tako la kushoto, zikapita karibu na njia ya haja kubwa na kuishia chini ya korodani, na hakuna hata moja iliyovuka mstari wa katikati kwenda kulia. Nyingine zilikuwa zimeanza kukauka, nyingine zilikuwa mpya kabisa. Daktari alichukua pamba akaigusisha pole pole upande huu na upande ule, akimuuliza baba anahisi wapi na wapi hahisi. Upande wa kushoto wa kitako ulikuwa na ganzi, ingawa mahali hapohapo ndipo palipomuunguza. Kisha akavaa glavu na kumpima kwa kidole ili ajue kama misuli ya kufungia choo bado inabana, na akakuta imelegea.

Maelezo aliyotupa baada ya hapo ndiyo ninayoyahesabu kuwa thamani kubwa ya huduma hii, kwa kuwa aliyatoa kwa Kiswahili kizuri na kwa kuchora kwenye karatasi. Virusi vya tetekuwanga, ambavyo baba aliugua utotoni, haviondoki mwilini mtu anapopona, bali hujificha kwenye mizizi ya mishipa ya fahamu kandokando ya uti wa mgongo, na kinga ya mwili inapopungua, kwa uzee au kwa maradhi mengine, huamka na kufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana upele hukaa upande mmoja na kufuata mstari. Sasa, mishipa inayotoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo, ile inayopita kwenye mfupa ulio juu ya matako, ndiyo inayohisi ngozi ya kitako, na hiyohiyo ndiyo inayokiambia kibofu kijikamue na njia ya haja kubwa ifunge au ifunguke. Virusi vikiichoma, kibofu hujaa bila mwenyewe kujua na hakina nguvu ya kujikamua, na utumbo wa mwisho nao hulala. Alisema jambo hili si la kawaida, kwamba wengi wa wanaougua mkanda wa jeshi hawalipati, na kwamba wengi wanaolipata hurudi katika hali yao baada ya majuma kadhaa. Maneno hayo ya mwisho yalimfanya baba avute pumzi ndefu, kwa maana alikuwa amekwisha kujiona mtu wa kubeba mfuko maisha yake yote.

Hakuharakisha kuiondoa tezi dume katika hesabu. Aliipima kwa kidole na kwa ultrasaundi, akasema ni kubwa kidogo kama za wazee wengi wa rika lake lakini haitoshi kueleza kibofu kufunga ghafla namna ile pamoja na ganzi. Alimuuliza kuhusu udhaifu wa miguu, homa, kichwa kuuma na ganzi ya pande zote mbili, akieleza kwamba laiti angekuta miguu imelegea angetupeleka siku hiyohiyo kupigwa picha ya uti wa mgongo, kwa kuwa virusi vinaweza kuingia hata kwenye uti wenyewe, na kuna maradhi mengine yanayobana mishipa hiyo ambayo hayangoji kesho. Mkojo ulipelekwa maabara, damu ikapimwa figo na sukari, kwani kisukari cha muda mrefu nacho huharibu kibofu.

Aliomba pia ruhusa ya kupima virusi vya Ukimwi. Hapa niseme wazi kwamba niliogopa baba atasimama na kuondoka, maana hapa kwetu mkanda wa jeshi umebeba uvumi huo kwa miaka mingi, na wapo waliofichwa chumbani kwa sababu yake. Daktari alieleza kwamba ugonjwa huu humpata yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga, hasa baada ya miaka 50, na kwamba kipimo hupendekezwa kwa sababu kinga iliyopungua huuamsha, si kwa sababu yeyote anamshuku mtu. Baba alikubali. Mama naye alipata nafasi ya kuuliza lile alilolisikia tangu utotoni, kwamba mkanda ukizunguka kiuno na ncha zikakutana mgonjwa hufa, akajibiwa kwa upole kwamba upele wa namna hii kwa kawaida hauvuki katikati, na kwamba asiupake kitu chochote bali auoshe kwa maji na sabuni laini na kuukausha. Dada yangu alikuwa mjamzito, na bila ya sisi kuuliza, muuguzi alitaka kujua kama ndani ya nyumba kuna mtu ambaye hajawahi kuugua tetekuwanga, kwa kuwa majimaji ya malengelenge yanaweza kumwambukiza tetekuwanga, akaagiza upele ufunikwe mpaka ukauke.

Kuhusu dawa, baba alipewa asiklovia, dawa ya kupambana na virusi, ya miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku saba. Dawa hii hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu upele utokee, nasi tulikuwa tumeupita muda huo, lakini daktari alisema kwa kuwa malengelenge mapya bado yanatoka na kibofu kimeguswa, haiachwi. Majibu ya figo yalisubiriwa kwanza, kwa sababu asiklovia hutolewa mwilini na figo na dozi hupunguzwa zikiwa dhaifu. Jambo ambalo sikulitarajia ni jinsi alivyozikagua dawa tulizokuja nazo kwenye mfuko wa plastiki, moja baada ya nyingine. Tramadoli aliiondoa palepale, akisema inafunga choo na inaweza kuzuia mkojo, hivyo inaongeza uzito palepale mgonjwa alipoangukia. Akaeleza kwamba hata amitriptilini, ambayo waganga wengi huiandika kwa maumivu ya mkanda wa jeshi, yeye hatampa baba kwa sasa kwa sababu hiyohiyo, akachagua pregabalini kwa kipimo kidogo. Watu wetu wengi wanatuliza maumivu haya kwa dawa ambazo ndizo zinazowazidishia kufungwa, na hakuna anayewaambia.

Mpira aliotiwa tena kliniki ulikaa kwa juma moja. Ulipotolewa, baba alikunywa maji, akangoja, akajaribu, na hakupata kitu. Ultrasaundi ikaonyesha mililita 520 zimelala ndani. Hapo nilidhani atarudishiwa mpira wa kudumu. Badala yake muuguzi wa kiume, kijana mwenye subira ambayo sijaiona kwa watu wengi, alimkalisha baba kwenye kiti na kumfundisha kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira mwembamba usio na puto, namba 14, unaoingizwa, kibofu kikamaliza, ukatolewa. Njia hii ilienezwa na daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, mwaka 1972, aliyeonyesha kwamba usafi wa kawaida wa mikono unatosha mradi kibofu hakiachwi kijae kupita kiasi, kwani kibofu kilichotanuka ndicho kinachokaribisha maambukizi na kuchelewa kupona.

Somo lile lilichukua zaidi ya saa nzima. Baba alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kama anayetawadha, akakausha, akashika mpira uliopakwa jeli, na mkono wake ukatetemeka hata akaurudisha kwenye sahani. Kijana hakumpokonya. Alimwambia, "Pumua, mzee. Tukifika pale penye ukinzani tusisukume, tungoje kidogo, palegee penyewe." Mara ya tatu mkojo ulishuka kwenye jagi la plastiki lenye mistari, na baba, ambaye alikuwa hajacheka tangu Alhamisi ile, aliinama akasoma mstari kwa sauti kama anayesoma mizani ya magunia: 480. Kuanzia siku hiyo alirudia ukarani wake. Alinunua daftari la karatasi za mraba, akapiga safu za saa, kiasi alichokojoa mwenyewe, kiasi kilichobaki na kunywa maji, na kila juma kliniki ililisoma daftari hilo mbele yake kwa heshima ya hesabu rasmi.

Ratiba nayo ilipangwa kwa kufuata maisha yake. Agizo lilikuwa kila baada ya saa nne hadi sita, na muuguzi, badala ya kumpa saa za vitabuni, alimuuliza siku yake inakwendaje, wakakubaliana alfajiri, saa nne ya asubuhi, alasiri, baada ya isha na saa sita ya usiku. Suala la udhu alisema si lake, tumwulize imamu, naye imamu akamweleza baba kwamba mwenye udhuru wa mkojo hutawadha kwa kila swala wakati wake unapoingia na haachi kuswali. Baba alirudi msikitini Ijumaa iliyofuata.

Sasa nifike kwenye haja kubwa, ambako huduma haikuwa sawasawa. Siku ya kwanza daktari aliupima msuli na akajua umelegea, lakini choo alikitaja kwa sentensi moja tu, kwamba tuangalie kisifunge, bila dawa na bila maagizo ya kuandikwa. Siku tatu baadaye baba alianza kuchafua kikoi kwa majimaji asiyohisi yakitoka. Mama alidhani anaharisha, akaenda duka la dawa, akauziwa loperamidi. Majimaji yalipungua, tumbo likavimba, na mkojo uliokuwa ukishuka vizuri kwenye mfuko ukaanza kuvuja pembeni mwa mpira. Muuguzi alipokuja nyumbani Jumatano, swali lake la kwanza lilikuwa ni lini baba alipata choo chenye umbo. Mama akahesabu: siku nane. Kidole kilikuta choo kigumu kama kokoto kimeziba njia yote, na yale majimaji yalikuwa ni choo chepesi cha juu kinachopenya kandokando ya kizuizi. Kwa maneno mengine, tulimpa dawa ya kuzuia kuharisha mtu ambaye alikuwa amefunga choo.

Alichokifanya muuguzi baada ya hapo ni kazi ambayo wengi huikwepa. Alitoa kizuizi kwa kidole, kidogo kidogo, kwa jeli ya kutosha na kwa kumwuliza baba kila mara kama aendelee, kisha akampiga bomba la kusafisha utumbo. Mama alikuwa ameshika beseni, mimi nimeshika taa ya simu kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, na baba alikuwa amefumba macho akisoma dhikri. Baada ya dakika arubaini hivi aliomba uji. Tangu siku hiyo alipewa laktulozi, dawa ya kulainisha choo, akaagizwa kukaa chooni kila siku, nusu saa baada ya kifungua kinywa, kwa kuwa chakula kikiingia tumboni utumbo wa chini huamka, na miguu iwekwe juu ya kigoda ili magoti yapande. Papai, mbaazi na mchicha vikazidi sahanini mwake, maji nayo yakahesabiwa katika daftari. Mkojo ukarudi kushuka kwa njia yake, kwani utumbo uliojaa ulikuwa ukikisukuma kibofu. Naamini kwa dhati kwamba kama laktulozi na karatasi moja ya maagizo vingetolewa Ijumaa ya kwanza, baba asingepita katika asubuhi ile. Nilimwambia daktari hivyo, na hakujitetea. Ziara iliyofuata tulikuta karatasi ya maagizo ya choo imeandaliwa kwa Kiswahili, yenye onyo la kutotumia dawa ya kuzuia kuharisha kabla ya kuuliza.

Mapokezi yanahitaji kurekebishwa zaidi. Kijana wa mezani aliuliza kwa sauti, mbele ya watu tisa, kama shida ya mzee ni ya mkojo au ya choo, na baba akajibu kwamba ni ya mgongo. Mgonjwa wa namna hii amefika pale baada ya kuishinda haya yake kwa taabu, na swali moja la kutangaza linaweza kumrudisha nyumbani. Karatasi na kalamu zingetosha. Ngazi ni nyembamba na hakuna lifti. Jumamosi hufungwa saa saba mchana na Jumapili haifunguliwi, ingawa simu ya muuguzi ilipokelewa usiku mmoja nilipopiga saa tano.

Gharama si ndogo. Kumwona daktari kulikuwa shilingi 2,000, ultrasaundi ya kibofu 1,500, na ziara ya nyumbani 1,500 kwa walio kisiwani, zaidi kwa walio Likoni au Nyali. Iliyotuelemea ni mipira yenyewe, shilingi 120 mmoja, ambayo kwa mara tano ni 600 kwa siku, na tulilipa yote kwa mfuko wetu. Kliniki ilituambia mapema kiasi tutakachohitaji, jambo lililotuwezesha ndugu watatu kugawana.

Daftari linaonyesha kwamba katika juma la tatu baba alikojoa mwenyewe mililita 150 na zikabaki 300. Juma la tano 280 na zikabaki 120. Juma la saba zilibaki 60, na muuguzi akamwambia aache mpira. Hisia ya kubanwa na mkojo ilirudi kabla ya hapo, usiku mmoja, akamwamsha mama kumwambia. Choo sasa anakipata kila siku kwa kijiko kimoja cha laktulozi. Kitako bado kina ganzi kidogo upande wa kushoto na maumivu humrudia jioni, hivyo pregabalini inaendelea, na ameandikiwa kurudi mwezi ujao kupimwa tena mkojo unaobaki. Daftari amelihifadhi kwenye saraka, pamoja na mipira minne iliyosalia.